Kulinganisha ukulele katika duka la Malindi kabla ya kuiacha soprano

Duka moja la ala za muziki lililo kando ya Barabara ya Lamu, hapa Malindi, limeanza kuuza ukulele, zile ala za nyuzi nne mfano wa gitaa dogo, za saizi na bei mbalimbali, si zile ndogo za rangi peke yake. Kwa mtu aliyejifunza kwa soprano, yaani ukulele ya saizi ndogo, ya bei nafuu na sasa anatafuta ala iliyo bora, hiyo ni nafasi ya maana, kwa kuwa wengi wetu tulizoea kuagiza kutoka Mombasa au Nairobi ala ambayo hatujaisikia wala kuishika, tukapokea kilicholetwa. Nilikwenda kwa nia ya kununua, nikazijaribu zote zilizonihusu, na maelezo haya ni ya ala zenyewe kwanza, kisha ya duka.

Sehemu kubwa ya duka imejaa vinanda, spika na amplifaya za makanisa na za bendi za hotelini. Ukulele zimepewa ukuta mmoja mfupi nyuma ya magitaa, na mteja asiyeuliza anaweza kutoka bila kuziona. Majina yaliyokuwapo ni yale yanayojulikana na wachezaji wa nchi nyingi: Mahalo katika bei ya chini, Kala na Enya katika bei ya kati, na mengine machache juu ya hapo. Hata hivyo, katika maelezo yanayofuata nitaitaja kila ala kwa saizi yake na kwa mbao yake, wala si kwa jina la kiwanda, kwa sababu jambo kubwa lililonidhihirikia mbele ya ukuta ule ni kwamba ala mbili za kiwanda kimoja, za aina moja na bei moja, zaweza kutofautiana kuliko zinavyotofautiana na ala za kiwanda kingine. Mnunuzi anayelinganisha majina hajalinganisha kitu bado.

Soprano yangu ni ya plaiwudi iliyopakwa rangi ya samawati, na kwa kuongoza nyimbo za watoto wa chekechea haijapungukiwa na lolote: ni nyepesi, haiogopi kuanguka, na sauti yake kali hupenya kelele za darasa. Ilianza kunibana nilipotaka kucheza jioni nyimbo za watu wazima, hasa kufuatisha sauti ya muimbaji wa taarabu, ambako vidole hupanda juu ya shingo na kukuta freti, vile vijiti vilivyolazwa kukatiza shingo, zimekaribiana mno hata kidole kimoja kikakalia nafasi ya viwili. Tena, nyuzi zake zikibonyezwa kuanzia freti ya saba kwenda juu, sauti hupanda kupita inavyotakiwa, na hilo halirekebishiki kwa kukaza wala kulegeza, kwa kuwa kasoro imo katika kimo cha nyuzi na mahali daraja, kile kibao kinachoshika nyuzi juu ya uso wa ala, lilipogandishwa.

Kwa hiyo swali la kwanza lilikuwa saizi. Urefu unaohesabiwa katika ukulele ni ule wa uzi unaotikisika, yaani kutoka kijiti cha juu, kile chenye vijimfereji vinne kilicho chini ya kichwa, hadi kijiti cha chini kilichokaa juu ya daraja. Kwa soprano urefu huo huwa kama sentimita 33 hadi 35, kwa konsati 38 hivi, na kwa tenori kama 43. Zote tatu hupatanishwa kwa namna moja, G, C, E na A, na kwa hiyo anayehama kutoka soprano hahitaji kujifunza upya hata kordi moja, yaani noti zinazopigwa kwa pamoja. Kinachobadilika ni nafasi ya vidole, mkazo wa nyuzi na unene wa sauti. Baritoni ni jambo jingine. Hiyo hupatanishwa D, G, B na E kama nyuzi nne nyembamba za gitaa, na anayeitaka afadhali ajiulize kwa nini asinunue gitaa.

Ala hii huitwa ya Hawaii, lakini mzizi wake ni wa Ureno. Mnamo Agosti 1879 meli iitwayo Ravenscrag ilitia nanga Honolulu ikiwa na wahamiaji kutoka kisiwa cha Madeira, na miongoni mwao walikuwamo maseremala Manuel Nunes, Augusto Dias na José do Espírito Santo, ambao waliichukua ala ndogo ya kwao iitwayo machete, wakaiunda kwa mbao za mti wa koa unaoota visiwani humo, ikawa ukulele. Wareno hao hao walikuwa wameshafika Malindi tangu 1498, na nguzo ya Vasco da Gama ingali imesimama juu ya mwamba, lakini upande huu wa bahari hawakutuachia ala ya nyuzi nne. Sisi nyuzi zetu zilikuja na udi na gambusi kutoka Uarabuni. Ninayataja haya kwa sababu yanamhusu mnunuzi moja kwa moja: umbo la asili ni soprano, yenye sauti fupi inayoruka, na kadiri mtu anavyopanda kwenda konsati na tenori ndivyo anavyokaribia sauti ya gitaa. Asiyetaka sauti ya gitaa asikubali kuambiwa na muuzaji kwamba kubwa ndiyo bora.

Kabla ya kuzieleza ala, lazima niseme jambo kuhusu kiyoyozi. Duka linakiwasha tangu asubuhi hadi kufunga, na kwa mteja anayetoka juani hiyo ni neema, lakini kwa anayepima ala ya mbao ni kikwazo. Watengenezaji wengi wa ala za mbao nzima hushauri unyevu wa hewa uwe kati ya asilimia 45 na 55, na chumba chenye kiyoyozi hukaribia kiwango hicho. Hewa ya Malindi, kwa upande wake, kwa kawaida huwa juu ya asilimia 70, iwe ni kaskazi au kusi. Ala inayopendeza ndani ya chumba kikavu na baridi haijasema itakuwaje nyumbani kwa mtu ambaye madirisha yake yanaelekea baharini. Nilimwomba kijana wa duka ruhusa ya kutoka nazo barazani, nikitarajia kukataliwa, naye akasema, «Toka nayo tu, Mwalimu, mlango u wazi. Ila jua lisiipige.» Kwa neno hilo moja alinihudumia kuliko maduka mengi makubwa niliyowahi kuingia.

Nje, mambo yalibadilika kwa muda mfupi. Nyuzi zilizokuwa zimepatanishwa ndani zilihama, jambo la kawaida ambalo halipaswi kumtisha mtu, kwa kuwa nailoni na mbao zote huitikia joto na unyevu. Kinachofaa kuangaliwa ni kama zinahama kwa pamoja au kila mmoja kwa njia yake, na kama zikirudishwa zinatulia. Ukulele moja ya bei ya juu kidogo ilikuwa na vigingi vya kukazia nyuzi vya msuguano, visivyo na gia, vile ambavyo wapenzi wa ala za kale huvisifu kwa wepesi, lakini katika jasho la mchana vilikuwa vikirudi nyuma kila nilipoviachia, na nikaiweka chini bila kuendelea. Vigingi vya gia havina madaha ila vinashika. Pwani viangaliwe kama chuma chake kimepakwa vizuri, kwa maana hewa ya chumvi haichelewi kuviotesha kutu.

Nilizipatanisha zote kwa kipimasauti kimoja cha kubana kichwani, kilichowekwa kwenye A ya hezi 440, na nilitumia wimbo mmoja ule ule kwa kila ala. Hili ni la lazima. Mtu akicheza wimbo mchangamfu kwenye konsati na wa polepole kwenye tenori, ataondoka akiamini kwamba amelinganisha ala kumbe amelinganisha nyimbo. Tahadhari nyingine ni nyuzi zenyewe: ala iliyoning'inia ukutani muda mrefu huwa na nyuzi zilizochoka, zenye vumbi la vidole vya wateja, na sauti yake hufifia pasipo kosa la mbao, na ala iliyofungwa nyuzi mpya juzi hulegea kila dakika pasipo kosa la vigingi, kwa sababu nyuzi za nailoni huchukua siku kadhaa kunyooka hadi kutulia. Muulize muuzaji zilifungwa lini. Hapa kijana alijua jibu kwa baadhi tu ya ala.

Vipimo vya maana zaidi havihitaji sikio la fundi. Freti ya kumi na mbili iko katikati kabisa ya urefu wa uzi, na kwa hiyo uzi ukiguswa kwa wepesi juu yake hutoa sauti ya oktava safi. Ukibonyezwa hapo hapo unapaswa kutoa sauti ile ile. Ikiwa uliobonyezwa uko juu, ama nyuzi zimeinuliwa mno, ama kijiti cha chini hakiko mahali pake, na kila wimbo unaopanda shingoni utakuwa na uchungu. Kisha uzi ubonyezwe kati ya freti ya pili na ya tatu, na jicho litazame nafasi iliyobaki kati ya uzi na freti ya kwanza: nafasi hiyo iwe nyembamba kama karatasi. Ikiwa ni pana, vijimfereji vya kijiti cha juu havikuchimbwa vya kutosha, na matokeo yake husikika katika kordi ya F, ambayo uzi wa E hubonyezwa kwenye freti ya kwanza na ndio unaobeba sauti iliyoipa kordi hiyo jina. Mwanafunzi husikia F yake ikichacha, akajilaumu miezi mizima, ilhali dawa ni tupa ndogo na dakika chache. Mwisho, kiganja kipitishwe ukingoni mwa shingo kuona kama ncha za freti zinakwaruza.

Ni kipimo cha F kilichonionyesha tofauti ya pacha wawili. Ukutani palikuwa na konsati mbili za plaiwudi ya mahogani, zimetoka kiwanda kimoja, zina lebo moja ya bei, shilingi 16,500, na kwa macho hazina tofauti isipokuwa mkondo wa mbao. Ya kwanza ilitoa F chachu na nyuzi zake zilikuwa ngumu kubonyeza hata karibu na kichwa; ya pili ilikuwa laini, sahihi hadi freti ya kumi na mbili, na iliitikia vidole bila kushurutishwa. Kama ningeagiza kwa simu, ningepata mojawapo kwa bahati tu, na kama ningepata ile ya kwanza ningeandika kwamba aina ile haifai. Nilipomwonyesha kijana, hakubisha. Alisema fundi wao angeitia tupa bila malipo kwa atakayeinunua. Swali langu, ambalo sikupata jibu lake, ni kwa nini isitiwe tupa kabla ya kuning'inizwa.

Sauti ya konsati ile ya pili ni ya joto, pana kuliko ya soprano lakini bado nyepesi, na inapopigwa kwa kupapasa nyuzi zote kwa pamoja haizibi maneno ya muimbaji. Haina kina kirefu. Sauti moja ikipigwa peke yake hufa mapema, na mchezaji anayetaka noti iendelee kulia wakati muimbaji anavuta pumzi hataipata hapa. Plaiwudi ndiyo sababu ya udhaifu huo na ndiyo pia sababu ya uimara wake, kwa kuwa tabaka zilizogandishwa kwa mikondo inayopishana huzuia ala kuvimba na kusinyaa. Katika mji huu wa bahari sioni aibu yoyote kununua plaiwudi, ingawa wauzaji wa mtandaoni huitaja kama ugonjwa.

Tenori yenye uso wa mwerezi mzima ndiyo iliyonipa shida kuiacha. Uso wake ni ubao mmoja uliokatwa na kuunganishwa katikati, si tabaka. Ubavu na mgongo ni plaiwudi. Bei iliandikwa shilingi 34,000. Mwerezi ni mbao laini, na ulaini huo hufanya ala iitike hata ukipigwa kwa ncha ya kidole tu: noti huanza bila kishindo, hutanuka, halafu hupungua taratibu, na nyuzi mbili zikilia pamoja zinasikika kama mbili, si kama mchanganyiko. Nilimwomba kijana aicheze huku mimi nikisimama mbele yake umbali wa hatua chache, kwa sababu sauti ya ukulele huelekea mbele na mchezaji husikia nusu yake tu. Aliyeko mbele husikia ala tofauti na aliyeishika. Kwa upande wa mbele tofauti kati ya tenori ile na konsati ilikuwa kubwa kuliko nilivyoisikia mwenyewe kifuani, na hapo ndipo nilipoanza kuhesabu fedha upya.

Zilizonirudisha nyuma ni sababu tatu zisizolingana kwa uzito. Ulaini wa mwerezi hufanya kucha iuchore uso katika wiki za kwanza, na ala ya mwalimu wa watoto wadogo haikai bila kuchorwa. Uzito na upana wa tenori hudai mkanda wa begani au kiti, nami hufundisha nikiwa nimesimama, mara nyingi na mtoto ameshika nguo yangu. Kubwa zaidi, uso wa mbao nzima nyumbani kwangu ungeishi katika unyevu ambao haukuundiwa, na uso ukivimba nyuzi huinuka, na nyuzi zikiinuka lile tatizo la soprano yangu linarudi kwa bei mara saba. Anayekaa nyumba yenye kiyoyozi, au anayeweza kuiweka ala ndani ya sanduku gumu lenye vifuko vya kudhibiti unyevu na akakumbuka kuvibadilisha, mimi ningemwambia ainunue hii bila kutazama nyingine. Asiiache ndani ya gari juani, kwa kuwa gundi ya daraja hulegea kwa joto, na hilo halibagui ala ya bei yoyote.

Kulikuwa pia na konsati ya mbao nzima kote, mbele, ubavuni na mgongoni, kwa shilingi 58,000. Ilikuwa nzuri ya kutazamwa. Lakini nilipoweka rula nyuma ya daraja, uso ulikuwa umefura kuliko ule mvimbo mdogo wa kawaida unaoletwa na mkazo wa nyuzi, na nyuzi zake tayari zilikuwa juu. Sijui, na haikunihusu, ilikaa wapi kabla ya kufika ukutani. Linalonihusu ni kwamba bei haikupunguzwa na hakuna aliyetaja jambo hilo hadi nilipolitaja. Hili ndilo doa kubwa zaidi nililolipata dukani.

Ukulele ya plastiki ngumu nilikuwa nimeidharau, na ikanishangaza. Aina hii, ambayo Enya Nova U ni mfano wake unaojulikana, hufinyangwa kwa polikaboneti iliyochanganywa na nyuzinyuzi za kaboni, mwili na shingo vya malighafi moja, na hivyo unyevu, chumvi na jua la kawaida havina cha kuifanya. Niliyoijaribu ilitoka kwenye ubaridi wa kiyoyozi ikaingia katika joto la baraza na haikuhama hata kidogo zaidi ya nyuzi zake. Sauti ni safi na inang'aa, kila noti ina nguvu sawa na mwenzake. Ila huo usawa ndio unaonichosha, kwa maana ukipiga kwa upole au kwa nguvu tofauti inayosikika ni ndogo, na wimbo wa huzuni hutoka ukiwa umechangamka. Kwa anayepiga muziki ufukweni, kwa anayesafiri kwa mashua kwenda Lamu mara kwa mara, au kwa hoteli inayotaka ala ya kuachwa ukumbini wageni waicheze, sioni inayoishinda kwa shilingi 19,000. Mnunuzi aangalie freti: baadhi ya ukulele za plastiki zina freti zilizofinyangwa pamoja na ubao wa vidole, na hizo hulika haraka zikifungiwa uzi uliozungushiwa chuma.

Zile zenye kinasa sauti cha ndani cha kuunganisha na spika sikuzipa muda. Bendi ya hotelini itazihitaji. Nyumbani ni betri moja zaidi ya kukumbuka.

Sasa nirudi kwa taarabu, kwa kuwa ndiyo iliyonitoa kwenye soprano. Ukulele ina freti, na freti hukata sauti katika nusu-toni zilizopangwa, ilhali udi hauna freti na mchezaji wake hutelezesha kidole hadi kwenye robo-toni. Maqamu, yaani mipangilio ya noti za muziki wa Kiarabu, ya rast na bayati, kwa hiyo, hayatoki sawasawa kwenye ukulele ya bei yoyote, na muuzaji atakayesema yanatoka hajayasikia. Nahawandi, ajamu na hijazi hutoka kwa ukaribu unaoridhisha, na nyimbo nyingi za pwani zilizochota tuni zake katika sinema za Kihindi hukaa vizuri sana katika freti. Wala si ajabu kwa ala ya mbali kupata kiti katika muziki wetu: tashkota, ala ya nyuzi yenye vibonyezo vyake kama vya taipureta, ilizaliwa Nagoya, Japani, mwaka 1912, na huko Mombasa ala hiyo imekuwa sehemu ya taarabu kwa vizazi vya waimbaji.

Tatizo jingine ni la uzi wa nne. Katika upatanisho wa kawaida G huwa juu, na sauti ya chini kabisa ya ala ni C, kwa hiyo tuni ikishuka chini ya hapo mchezaji hana pa kwenda, na tuni za taarabu hupenda kushuka. Dawa yake ni kubadili uzi huo mmoja kwa mnene zaidi ili G ishuke oktava nzima. Tenori huupokea uzi huo kwa urahisi kwa sababu ya urefu wake. Soprano hulalamika, uzi ukawa mlegevu na kukwaruza freti. Konsati iko katikati, na kwa kuwa niliamua kuchukua ile ya pili ya mahogani, nilitaka kuhakikisha kabla ya kulipa. Fundi wa duka alinifungia, akapanua kijimfereji chake kwa tupa ili uzi ukae chini kabisa, nami nikaicheza palepale. Sauti ya G hiyo ya chini si nono kama ilivyo kwenye tenori, lakini imo, haikwaruzi, na haizimezi nyuzi nyingine tatu.

Nyuzi zilizopo dukani ni za namna mbili kuu. Kuna za Aquila, kampuni ya Italia, ambazo hutengenezwa kwa malighafi ya bandia inayoiga utumbo wa mnyama, nyeupe na zenye mkwaruzo kidogo kidoleni. Katika mji ambao Waitaliano wamekaa miaka mingi kiasi hiki, haikunishangaza kuona ni hizo zinazojaa rafu. Kisha kuna za floroakaboni, nyembamba, ngavu, zinazofyonza maji kidogo kuliko nailoni. Hizi wavuvi wetu wanazifahamu kabla ya wanamuziki, kwa kuwa floroakaboni ilianza sokoni ikiwa mshipi wa kuvulia samaki, iliyoletwa na Wajapani mwaka 1971, na baadaye ndipo watengenezaji wa nyuzi walipoitambua. Kwa hewa ya hapa ningeichagua floroakaboni, na ndiyo niliyofungiwa. Anayeshawishika kukata mshipi wa duka la zana za uvuvi ajue kwamba inawezekana, mradi apate vipenyo sahihi vinne, na kuvipata ndiko kunakowarudisha wengi kwenye pakiti ya nyuzi.

Kwa upande wa huduma, kijana aliyenihudumia anacheza vizuri, na hilo ni faida na hatari kwa pamoja: mikononi mwake hata ukulele ya shilingi 5,500 ililia vizuri, na mteja mgeni anaweza kununua mikono ile akidhani amenunua ala. Mwambie akuchezee kordi tatu polepole, asikuchezee madoido. Hakunikimbiza, hakunisukuma kwenye bei ya juu, na nilipouliza kuhusu dhamana alinieleza bila kuzunguka kwamba ni ya miezi sita kwa vigingi na daraja pekee, si kwa mbao iliyovimba. Ala ya zamani hawaichukui kupunguza bei ya mpya. Hakuna kiti kisicho na mikono, hivyo kucheza umekaa ni taabu, na baraza iko karibu na barabara kiasi kwamba kila tuktuk ipitayo hukulazimisha kuanza upya.

Bei inapatana kidogo. Konsati yangu ilishuka hadi shilingi 15,500 pamoja na mfuko wenye sifongo, nyuzi za floroakaboni zikiongezwa kwa bei yake kamili na kazi ya tupa ikiwa bure. Nililipa kwa M-Pesa nikapewa risiti yenye namba ya ala. Anayekwenda achukue kipimasauti chake mwenyewe na rula fupi, kwa maana cha duka huazimwa na wateja wa magitaa, na aende asubuhi kabla tuktuk hazijashamiri. Ijumaa hufungwa kuanzia adhuhuri hadi baada ya swala. Fundi huwapo Jumanne na Alhamisi tu, kwa hiyo anayetaka kijiti kitiwe tupa na uzi wa G ujaribiwe kabla ya kulipa achague mojawapo ya siku hizo.